Begi la Skii, Tiketi ya Kwenda Tu

4 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Najua umeutambua mwandiko wangu kabla hujafungua bahasha. Kama umefika mpaka mstari huu bila kuichana, nakushukuru. Namba yangu umeizuia huu mwaka wa nne, kwa hiyo njia nyingine sina.

Habari ni ya heri. Mwanao amepata nafasi kwenye shule ya skii ya huku milimani. Ni msimu mmoja, katikati ya Novemba hadi mwisho wa Machi, masomo ya darasani asubuhi na mazoezi ya kuteleza thelujini mchana. Baba yake amehangaika sana mpaka akaipata. Atakaa kwetu, chumba chake kipo. Ndege ni tarehe 16 Novemba. Kwako tunaomba mambo mawili tu: saini kwenye karatasi ya ridhaa ya mzazi, nimeitia humu, na kumfungia vifaa vyake vizuri.

Katika kufunga naomba unisikilize, maana ndiyo shughuli ninayoiona kila siku. Mabuti ya skii asiyaweke kwenye mzigo wa chini. Ayabebe mkononi mpaka ndani ya ndege. Mbao za skii zikipotea ataazimwa nyingine, lakini buti limeshachukua umbo la mguu wake na hakuna wa kumwazima mguu. Ndani ya buti ajaze soksi, nafasi isipotee. Mbao zenyewe azipanguse zikauke kabisa, azikutanishe tumbo kwa tumbo, azifunge kwa mkanda juu na chini. Vile vyuma vinavyoshika buti vizungushie taulo. Kingo za mbao ni kali kama wembe, zisipofunikwa zitakula begi kabla halijatoka uwanjani. Uzito usizidi kilo ishirini na tatu.

Nisalimie mtoto, Kipanga wetu.

Mdogo wako


12 Oktoba

Wewe,

Bahasha sikuichana kwa sababu niliipokelea kazini. Unakijua chumba chetu cha kushonea pale hospitali: mashine sita, dirisha moja, masikio kumi na mawili. Nikaiweka chini ya rundo la mashuka, nikashona mpaka saa ya kutoka, nikaisomea chooni.

Karatasi unayotaka nisaini ina nafasi mbili. Moja imeandikwa mama, nyingine mlezi. Kwenye ya mlezi umeshajiandika kwa wino. Una haraka wewe, na ulikuwa nayo tangu zamani. Ulikuja kwangu kukaa wiki mbili utafute kazi. Kazi ukaipata, na mume ukampata humohumo ndani, bila hata kutoka nje. Mwanangu anakuita Mama Mdogo tangu alipojua kusema. Sikujua kama jina lilikuwa linasubiri cheo.

Sasa nisikilize na wewe. Mtoto atakuja. Si kwa sababu yako wala ya huyo baba yake aliyehangaika sana. Kocha wake wa hapa, yule mzee wa filimbi, ananisimamisha kila wiki kwenye geti la hospitali kuniambia kwamba binti ameumaliza mlima wetu, anazunguka palepale kama kuku wa kufungwa kamba. Sitaki aje aniambie siku moja kwamba nilimfungia mlango kwa kuwa nyuma yake umesimama wewe.

Begi nitalishona mwenyewe. Tumepata turubai lililobaki kwenye machela zilizobadilishwa, gumu, halipitishi maji. Nimepima mbao ndefu: mita moja na sentimita sabini na mbili. Nitatia sponji chini na zipu ya upande mzima. Usinifundishe kushona.

Nataka kuiona tiketi ya kurudi.

Mama yake


20 Oktoba

Dada,

Nimeipokea karatasi yenye saini. Uliyoyasema nimeyameza, maana mengine ni ya kweli.

Tiketi ya kurudi itakatwa ratiba ya mashindano ya Machi ikitoka, usiwe na wasiwasi. Baba yake angekuandikia mwenyewe ila msimu ukikaribia anashinda juu mlimani akifundisha. Anamsalimu sana mtoto, anasema aendelee kukunja magoti.

Nimekumbuka mengine. Nta ya kupaka chini ya mbao na kile kikwaruzio vikae kwenye begi kubwa, mkononi watavizuia. Viberiti vya gesi asiweke popote. Helmeti aitundike kwenye begi la mgongoni, na miwani ya theluji aivike soksi, aitie ndani ya helmeti. Fimbo za kuteleza aziweke vichwa chini, moja kila upande. Nguo ndizo zijaze mapengo, ndiyo kinga nzuri kuliko sponji.

Halafu shule inataka vyeti vyake vyote vya masomo, kadi ya chanjo na cheti cha kuzaliwa. Viwe halisi, si nakala. Na viatu vyepesi jozi moja, na nguo chache za jua.

Mdogo wako


1 Novemba

Wewe,

Begi limekwisha. Wenzangu kazini wamelipitisha mkono kwa mkono, mmoja akauliza kama tunamsafirisha maiti. Nikamwambia ndiyo, ila bado inatembea.

Leo Jumapili tumefunga. Tumelitandaza ukumbini kuanzia mlangoni mpaka jikoni, maana kwingine halienei. Nilifanya kila ulichosema: taulo, mikanda, soksi ndani ya mabuti. Mtoto akaniambia, "Mama, umekuwa fundi wa skii." Nikacheka. Muda mrefu hatujafanya kazi pamoja sisi wawili, yeye amepiga magoti upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilianza hata kufurahi.

Tukalipima. Alisimama kwenye mzani wa bafuni amelikumbatia, nikatoa uzito wake. Kilo ishirini na sita. Nikasema, "Tatu zitoke. Chagua mwenyewe." Nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi alikuwa ametoa jozi fupi ya skii. Mbao zile alizozililia mwaka mzima, nilizoshonea mapazia ya wadi mbili kwa saa za ziada nikampatia. Ameziegemeza ukutani. Ndani amebakisha albamu ya picha, blanketi lake la utotoni, kamusi, na lile gauni la maua la kuvaa siku za jua. Nikamuuliza, "Unakwenda kuteleza au kuhama?" Akafunga zipu. Alisema, "Skii wataniazima, Mama. Wewe si ndiye uliyesema nichague."

Sasa naanza kuhesabu. Viatu vya jua kwa mtoto anayerudi Machi. Cheti halisi cha kuzaliwa kwa miezi minne. Mimi sikusoma sana lakini napima watu na kukata nguo kwa jicho. Niandikie kwamba mwanangu anarudi Machi. Andika neno hilo, anarudi, halafu utie jina lako chini. Nina pasipoti yake kabatini na ufunguo ninao mimi.

Mama yake


2 Novemba

Mama Mdogo,

Nakuandikia nikiwa maktaba ya shule kwa sababu simu Mama anaipekua. Barua yake ya jana nimeipeleka posta mimi mwenyewe. Hakuniambia ameandika nini lakini alipokuwa anaiandika kalamu ilitoboa karatasi.

Tafadhali usimjibu uongo mwingine. Ulisema utamwambia wewe kwamba ni miaka mitatu. Tulikubaliana hivyo tangu Juni nilipokuandikia mara ya kwanza. Mimi siwezi. Jana nilikaribia kusema, akaniita nimshikie mkanda, nikameza.

Usifikiri simpendi. Anarudi vidole vimevimba kwa sindano na bado anakaa kunikagulia zipu. Lakini Mama Mdogo, nyumba hii ina vyumba viwili na mnakaa humu wewe na Baba kila siku. Mnakula na sisi. Nikichelewa naambiwa nimemrithi baba yangu. Nikijitazama kwenye kioo nimekurithi wewe. Jirani akija, naitwa nisimulie tena niliyoyaona siku mlipoondoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nimechoka kuwa shahidi.

Na nataka kumwona Baba. Zile salamu unazoniandikia nimezikusanya zote. Mwambie magoti nakunja. Mwambie siku hizi kwenye kona sipunguzi mwendo, atashangaa. Aje yeye uwanjani kunipokea, nitamtambua kwa mbali.

Kipanga


8 Novemba

Dada,

Naituma hii kwa wasafirishaji wa haraka ili ikufikie kabla ya safari. Nimetia ndani barua ya mtoto. Ni vibaya kuitoa, najua, lakini usingeniamini.

Ulitaka niandike kwamba anarudi Machi. Siwezi. Nafasi ni ya miaka mitatu. Sikumwita mimi. Yeye ndiye aliyeniandikia mwezi wa Juni akaniuliza kama shule ya huku inapokea watu wa nje. Ningeweza kukaa kimya. Sikukaa.

Na hili la pili ndilo gumu. Baba yake hayupo. Aliondoka mwaka jana mwezi wa Julai, akaenda na mama mmoja aliyekuja kujifunza skii kwa siku kumi. Anakaa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa treni. Nafasi ya shule sikupewa na yeye, niliipata mimi. Nafanya kazi hapo shuleni kwenye chumba cha vifaa: nakausha mabuti ya watoto, nanoa kingo, napaka nta, nafunga mabegi yao wakisafiri. Ndiyo maana nayajua yote niliyokuandikia. Mkuu wa shule aliniuliza kama nina ndugu anayeteleza, nikasema nina mtoto.

Salamu zile nilizitunga mimi. Alipotuandikia mara ya kwanza kumwulizia baba yake nilishindwa kumwambia. Ya pili nikatunga salamu, na baada ya hapo ikawa kila barua lazima niitafutie salamu. Nikawa nawaza angesema nini mlimani, naandika. Nilijiambia akifika nitamkalisha nimweleze. Niliogopa akijua mapema hatakuja. Nakaa peke yangu, Dada. Sikuambii unihurumie.

Pasipoti iko kwako. Ukitaka kumzuia, mzuie. Ukimruhusu, nakuomba umwambie wewe habari za baba yake kabla hajapanda ndege. Wewe utajua namna.

Mdogo wako


17 Novemba

Wewe,

Amekwisha kuondoka. Unaposoma hii mko naye.

Barua yako ilifika tarehe 12. Niliisoma ya kwako mara moja na ya mwanangu sijui mara ngapi. Mnakula na sisi, anasema. Nimemwekea mtoto huyo sahani mezani miaka minne, kumbe kila mlo nahesabia watu wanne.

Siku nne nilimpa nafasi. Alhamisi nilimuuliza, "Una la kuniambia?" Akasema hapana. Ijumaa nikamuuliza tena, nikiwa namsuka nywele asinione usoni. Hapana. Jumapili nilimpa pasipoti mkononi na ufunguo wa kabati juu yake, nikasema, "Kama kuna neno, sasa." Akanishukuru kwa kumshonea begi.

Basi na mimi nikawa sina neno.

Uwanjani begi halikupita kwenye mkanda wa kawaida. Yule kijana wa kaunta alilitazama, akalipima, kilo ishirini na mbili na nusu, akauliza, "Kwenda na kurudi?" Mwanangu akanitazama kidogo, halafu akatazama viatu vyake. Akasema, "Kwenda tu." Alidhani nitaanguka. Nikamwambia kijana, "Umesikia. Kwenda tu. Tupeleke wapi mzigo mkubwa?" Tukalibeba wawili mpaka mlango wa mwisho, yeye mbele mimi nyuma, mabuti yanampiga kifuani. Hapo ndipo alipolia. Akasema, "Ulijua?" Nikamwambia, "Nimejua. Nenda." Akauliza, "Umekasirika?" Nikamwambia amsalimie baba yake.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimtazama usoni nikasema, msalimie baba yako. Alifurahi kiasi kwamba alinirudia kunikumbatia mara ya pili, helmeti ikaniumiza shavu.

Uliniomba nimwambie mimi. Miaka minne habari zako mbaya nimezibeba mimi: kwa mama yetu alipokuwa mgonjwa, kwa majirani, kwa mtoto. Hii nimekuachia. Nilitaka usimame pale anaposhukia, macho yake yakuone, yakupite, yatafute mtu mwingine nyuma yako, na wewe uwe umeshika begi langu mikononi.

Mama yake


26 Novemba

Dada,

Ilikuwa kama ulivyotaka.

Alitoka akinitabasamia, akanikumbatia, macho yake yanachungulia nyuma ya bega langu. "Baba yuko wapi, kwenye gari?" Nikasema kwanza tubebe mzigo. Akauliza tena kwenye kituo cha basi. Akauliza ndani ya basi. Nilimwambia tulipofika nyumbani, alipoona viatu mlangoni ni vya kwangu peke yangu. Alikwenda kwenye mkoba akatoa barua zangu, zimefungwa kwa utepe, akaanza kunisomea salamu moja moja. "Hii nani aliandika?" Mimi. "Na hii?" Mimi. Zilikuwa kumi na tisa. Alinisomea zote.

Halafu akauliza, "Mama alijua?" Ningeweza kusema hapana. Nilisema ndiyo, ulijua siku nne kabla. Dada, sitajisifu kwamba nilisema kwa kupenda ukweli. Nilisema kwa sababu nami sikutaka kubaki mbaya peke yangu. Akakaa kwenye ngazi. Alisema, "Aliniambia nimsalimie," akalirudia mara mbili tatu kama mtu anayejifunza lugha.

Begi hajalifungua. Limesimama kwenye ujia wangu siku ya tisa, napita kwa ubavu. Anakwenda shuleni na skii za kuazima. Nilipojaribu kufungua zipu nikaushe vitu, aliniambia, "Usiguse mkono wa mama yangu." Sijui kama lilikuwa tusi kwangu au sifa kwako.

Hasemi nami ila habari za funguo na chakula. Kama kwako anaandika, niambie walau kama analala. Huku naona taa yake tu.

Mdogo wako


3 Desemba

Wewe,

Kwangu haandiki. Nimempigia mara kumi na moja. Kwanza ilikuwa inaita, sasa haiiti.

Niambie anakula nini. Niambie buti la kushoto halimbani, lilianza kumbana Oktoba. Niandikie kila siku, hata mstari mmoja.

Mama yake


12 Desemba

Mama, na Mama Mdogo,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, moja nimempelekea kila mmoja wenu, asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba yeye ameandikiwa zaidi.

Nimempata Baba. Namba yake nilipewa na kocha mmoja wa hapa. Alishtuka, halafu akafurahi, akasema atakuja Jumapili na treni ya saa nne. Nilikwenda stesheni. Niliisubiri ya saa nne, ya saa sita na ya saa nane. Jioni alipiga akasema mtoto wao ana homa. Sikujua kama wana mtoto. Nilimwambia pole. Aliniuliza kama bado nakunja magoti, na nikasikia kwamba hata Mama Mdogo anamwiga vizuri kuliko yeye anavyojisema mwenyewe. Sijampigia tena.

Jumatatu nilimwomba mkuu wa shule kitanda bwenini. Alisema wenye ndugu hapa hawapewi. Nikamweleza. Amenipa. Nimehamia jana, wasichana wawili walinisaidia kubeba. Vitu vyote vimefika vizima, Mama, hata mkwaruzo hakuna. Buti la kushoto linabana, wamelitanua kwa moto, sasa liko sawa.

Likizo ya Machi nitabaki bwenini. Ya Julai pia, kuna kazi ya kukarabati njia za mlimani. Sijaamua kuhusu baadaye, na msiniulize.

Mama, wewe ungeweza kuniambia pale mlangoni. Nilikuwa nimekushika. Mama Mdogo, wewe ulikuwa na barua kumi na tisa za kuniambia. Na mimi nilikuwa na siku nne, na kabla yake miezi mitano, najua. Siwalaumu kuliko ninavyojilaumu. Lakini mimi nilidanganya ili niondoke. Nyinyi mlikuwa mnapigana, na mimi ndiye mliyekuwa mnamrusha.

Jumamosi nashindana kwa mara ya kwanza. Mama uko mbali. Mama Mdogo uko karibu, dirisha la chumba cha vifaa linatazama mwisho wa njia, na nitapita hapo. Nakuomba siku hiyo ufunge pazia.

Mwanenu